Fundi wa Njiani au wa Dukani: Tairi Lako Umkabidhi Nani?

Kila mwenye gari katika pwani hii anaijua saa hiyo. Gari latoka Kongowea kuelekea Mtwapa, au limekwisha kuipita Mariakani likenda bara, mara usukani wavuta upande mmoja na chini wasikika mpira ukipigapiga lami. Dereva hana haja ya kuambiwa. Ni panchari.

Lililobaki ni kuamua nani wa kuitengeneza. Je, ni yule kijana wa kibanda kando ya barabara, mwenye karai la maji na tairi kuukuu lililosimamishwa kuwa bango lake? Au ni fundi anayeitwa kwa simu, akaja na kompresa yake nyuma ya pikapu mpaka mlangoni pako? Ama ni kulibeba tairi hadi duka kubwa la mjini, lenye mashine za umeme na karani wa kuandika risiti?

Utawasikia watu barazani wakilibishania jambo hili. Mmoja atasema mafundi wa njiani ni wababaishaji, na mwingine atajibu kwamba dukani hulipii ila sakafu ya marumaru. Wote wawili wana ukweli kidogo, na wote wawili wamekosea kwa jambo moja: wanamhukumu fundi kwa mahali alipo, badala ya kuitazama kazi aliyoifanya. Tairi moja linagusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Juu ya viganja vinne hivyo huketi baba, mama, watoto na nyanya wanaokwenda harusini Malindi. Basi inafaa tujue kazi iliyo njema ni ipi kabla ya kuuliza hufanywa wapi.

FUNIKA KOMBE MWANAHARAMU APITE

Tuanze na panchari yenyewe. Zamani karibu kila tairi lilikuwa na mpira wake wa ndani, yaani tyubu. Fundi aliutoa, akautia upepo, akauzamisha katika karai la maji na kutazama mapovu yanatoka wapi. Palipotoboka alipakwaruza, akapaka gundi, akangoja ikauke kidogo, kisha akabandika kiraka. Bodaboda na baiskeli nyingi zingali hivyo hadi leo.

Magari madogo ya siku hizi, takriban yote, yana matairi ya tyubulesi. Upepo wake unazuiwa na tairi lenyewe likishikana na ringi. Hapo ndipo ulipozuka ule mtindo wa uzi: fundi haliondoi tairi katika ringi, huutoa msumari, huupanua ule mwanya kwa chuma chenye meno, kisha huusokomeza uzi wa raba uliopakwa gundi, akaukata unaojitokeza. Dakika kumi hazipiti nawe umeshika njia.

Kazi hii ina faida yake. Mtu aliyekwama usiku pale Samburu au Maungu hawezi kuambiwa angoje mashine ya mjini. Lakini na ijulikane kuwa ni kazi ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Uzi unaziba tundu kwa nje tu. Haumwambii fundi wala dereva lolote juu ya hali ya ndani.

Na huko ndani ndiko kwenye hatari. Tairi likipungukiwa na upepo na dereva akaendelea kwenda hata kilomita chache, kuta zake za pembeni hukunjwa na kusagwa baina ya ringi na lami. Nyuzi zake hukatika mahali ambapo jicho la nje halioni. Fundi akilifungua atakuta unga mweusi wa raba umelala ndani kama makaa yaliyosagwa, na ukuta wa tairi umejikunja mstari wa kuzunguka. Tairi kama hilo limekufa. Ukilitia uzi na upepo litasimama wima, litaonekana zima, litakupeleka mjini na kukurudisha. Siku ya safari ndefu, jua la mchana likiwaka na gari limesheheni, hupasuka.

Kwa hiyo kuziba kwema huanza kwa kulivua tairi katika ringi na kulitazama ndani. Utaratibu unaofuatwa na mafundi waliosomea kazi hii ni kutumia kiraka chenye mkia kama uyoga. Mkia huingia katika tundu na kulijaza, ili maji na chumvi visipenye kuzila nyuzi za chuma, na kichwa chake hubandikwa kwa ndani kuuzuia upepo. Tundu likizidi milimita 6 kwa tairi la gari dogo haliwekwi kiraka. Na likiwa ubavuni au karibu na bega la tairi, haliwekwi kiraka hata liwe dogo kama la sindano, kwa kuwa ubavu hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kiraka hakitastahimili.

Sasa ndugu msomaji, tazama jambo hili. Kulivua tairi, kulichungulia, kulikwaruza na kulibandika kiraka hakuhitaji jengo la ghorofa. Fundi wa kibandani mwenye vyuma viwili vya kupandulia, taa ya mkononi na viraka vilivyo vyema anaweza kuifanya kazi hiyo barabara. Na fundi wa duka lenye vioo anaweza kukutilia uzi uani huku wewe umeketi ndani ukinywa soda. Tofauti iko katika swali moja la kumuuliza fundi: utalivua, au utaliziba kwa nje? Na tofauti nyingine iko kwako wewe, ikiwa utasimama utazame.

NATI NA UPEPO

Kazi ya pili inayoonekana ndogo ni kulirudisha gurudumu mahali pake. Wengi huona nati ni nati, mradi imekazwa. Kumbe zina adabu yake. Hukazwa kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, na wala hazifuatani kwa duara. Ukishaikaza moja unakwenda ya upande wa pili, mfano wa kuchora nyota, ili gurudumu likae sawasawa. Kukaza kwa mwisho hufanywa gari likiwa limeshushwa chini. Na baada ya kwenda baina ya kilomita 50 na 100, ni vyema nati zikaguliwe tena.

Hapa duka na njia kila mmoja ana dhambi yake. Wa njiani aghalabu hutia bomba refu katika spana akalikanyaga kwa mguu, au huzikaza nusunusu kwa haraka. Wa dukani hushika bunduki ya upepo na kuifyatua mpaka nati inalia. Hiyo ni raha kwa fundi, lakini ni msiba kwako siku utakapopata panchari kwenye giza na spana yako ndogo ya mkononi. Nati hazifunguki, au msumari wake hukatika. Fundi mwenye kuijua kazi yake humalizia kwa spana ya kipimo, ambayo huonyesha ni nguvu kiasi gani imetumika. Kwa magari mengi madogo ni karibu na nyutoni-mita 100. Spana hiyo si kitu cha ajabu, na fundi wa simu mwenye pikapu anaweza kuwa nayo sawa na mwenye duka.

Ama kuhusu upepo, hapa ndipo tunapodhulumiana pasipo kujua. Fundi hubofya tairi kwa kidole gumba au hulipiga teke, akasema limetosha. Kidole si mizani. Tairi la siku hizi linaweza kupungukiwa na robo ya upepo wake na bado jicho lisilione. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa na waliounda gari, mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa dereva. Kwa gari dogo aghalabu ni thelathini na kitu kwa kipimo cha PSI, na hupimwa tairi likiwa baridi. Likitoka safarini limepata moto, upepo wake umepanda na kipimo kitadanganya.

Upepo mchache huzalisha joto, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi. Sisi wa pwani tunalo jua la kutosha juu, na lami iliyowaka chini. Hatuna haja ya kuliongezea tairi moto mwingine kwa uvivu wa kupima.

Fauka ya hayo, hewa yetu ya chumvi ina hila yake. Ringi ya chuma hushika kutu pale mdomo wa tairi unapokalia, na upepo ukavuja polepole. Mwenye gari hujaza leo, kesho kutwa akajaza tena, akilaani misumari isiyokuwapo. Dawa yake ni kulivua tairi, kuikwaruza ringi ikang'ara, na kubadilisha valvu ya mpira iliyozeeka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe uko katika chuma wala si katika mpira.

KAZI ZA MASHINE

Hata hivyo ziko kazi ambazo fundi wa kibandani, hata awe hodari namna gani, hana budi kusema wazi kwamba haziwezi. Ya kwanza ni balansi. Hakuna tairi wala ringi iliyo na uzito sawa pande zote. Tofauti ya gramu chache tu huufanya usukani utetemeke gari likishika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa. Mashine hulizungusha gurudumu, ikaonyesha pa kubandika kipande cha risasi au zinki. Baadhi ya mafundi wanaozunguka kwa magari yao wanazo mashine hizo pamoja na jenereta. Walio wengi wa kando ya njia hawana.

Ya pili ni kuyanyoosha magurudumu, yaani alainimenti. Hii yataka pahali tambarare na vipimo vya uhakika. Gari lisilonyooka hulila tairi upande mmoja kama panya anavyokula mkate, na tairi jipya la maelfu ya shilingi huisha kabla ya wakati wake. Ukiona tairi limelika bega la ndani huku la nje lingali zima, usikimbilie kununua jingine. Tengeneza kwanza kilichololila.

Ya tatu ni kuvisha matairi mapya kwenye ringi pana za alumini. Vyuma vya kupandulia huzikwaruza na hata kuupasua mdomo wa tairi. Afadhali mashine. Na ukibadilisha matairi mawili tu, watengenezaji wengi wa matairi hushauri yaliyo mapya yafungwe nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa nyuma ikiteleza kwenye maji ya mvua dereva wa kawaida hawezi kuliokoa gari.

DUKANI NAKO KUNA YAKE

Baada ya kuyasikia hayo mtu atasema basi duka limeshinda. Taratibu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwenye duka anauza. Atakuambia panchari yako haizibiki ununue tairi jipya. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mwambie akuonyeshe. Likiwa limesagika ndani utauona ule unga. Atakuambia utie naitrojeni kwa bei ya ziada. Si vibaya, ila kumbuka kuwa hewa hii tunayoivuta bure ina naitrojeni asilimia 78 tayari.

Tena angalia umri wa tairi unalouziwa. Kenya ilikuwa na kiwanda chake Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa jina la Firestone East Africa na baadaye kikaitwa Sameer Africa, chenye matairi ya Yana ambayo madereva wengi wa makamo wanayakumbuka. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Siku hizi matairi mengi yanatoka ng'ambo na kushukia hapa hapa Kilindini, kwa majina ambayo hata muuzaji hawezi kuyatamka. Kwa sababu hiyo yapasa mnunuzi ajue kusoma ubavu wa tairi kama anavyojua kusoma tarehe ya unga wa ngano.

Tafuta herufi DOT. Mwisho wa mfululizo wake ziko tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano, na liondolewe likifika miaka kumi hata kama meno yake yangalipo. Hili linawahusu pia walionunua magari yaliyotumika Japani. Gari linaweza kuwa zuri, na matairi yake yakawa yamezeeka kuliko unavyodhani.

Kisha soma ukubwa wake. Ukiona 195/65 R15 91H, basi 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 91 ni alama ya uzito, maana yake kilo 615 kwa tairi moja. Na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Fundi akikuambia kwamba la 185 nalo litaingia, si uongo, litaingia. Lakini kuingia na kufaa ni mambo mawili.

Na ndani ya mifereji ya meno ya tairi mna vijiti vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakishalika yakalingana navyo, tairi limemaliza kazi yake. Akala zetu za zamani zilikatwa katika matairi ya namna hiyo, na huko ndiko yanakostahili kwenda: miguuni, si barabarani.

WANAOIFANYA KAZI HII NAO NI WATU

Lipo jambo ambalo wenye magari hatulitaji. Kazi ya tairi ina hatari kwa fundi kabla ya kuwa na hatari kwa mteja. Wanaohudumia malori katika njia kuu ya kwenda bara hukutana na magurudumu ambayo ringi yake ina pete ya chuma ya kulizuia tairi. Pete hiyo isipokaa vizuri katika mfereji wake, upepo unapopanda huruka kwa nguvu ya kumwua mtu. Dawa inajulikana: gurudumu hutiwa ndani ya kizimba cha chuma, na fundi husimama mbali akiwa na bomba refu. Vibanda vingi havina kizimba. Kijana wa miaka kumi na tisa hukalia tairi ili lisiruke, naye dereva anapiga honi akimhimiza kwa sababu meli inangojea makasha.

Hata kwa gari dogo, kufanya kazi kwenye ukingo wa lami huku matatu yakipita kwa kasi si mchezo. Dereva mwema hulisogeza gari mbali na barabara, hata ikibidi tairi lililopasuka liharibike zaidi, kwani tairi hununuliwa na roho hainunuliwi. Hukaza breki ya mkono, huweka jiwe nyuma ya gurudumu, husimamisha alama ya pembetatu, na kazi ikiisha huliondoa jiwe lisimwangushe mwenye pikipiki usiku.

Tena tuseme haki. Mara nyingi anayeharibu kazi ni mteja. Fundi akisema nilivue nilitazame, mteja hutazama saa. Akitaja bei ya kiraka cha uyoga, mteja humwambia atie uzi tu, twende. Mkono mtupu haulambwi. Mwenye kulipa nusu ya kazi hana haki ya kudai kazi nzima.

Naye fundi, wa njiani kwa wa dukani, akumbuke kwamba kazi yake hufichika. Akishalifunga tairi hakuna awezaye kuona alichokiacha ndani. Sote tumefundishwa chuoni kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akautia mkono katika rundo la nafaka, akakuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkanya muuzaji aliyelificha lile la chini lisionekane. Tairi lililozibwa kwa nje na kuoza kwa ndani ni rundo lilo hilo. Tofauti ni kwamba nafaka mbichi huharibu chakula cha siku moja, na tairi bovu huweza kuondoa nyumba nzima kwa dakika moja.

BASI TUCHAGUE VIPI?

Kwa panchari ya meno ya tairi, fundi wa karibu anatosha, awe wa kibandani au wa kuitwa kwa simu, maadamu anakubali kulivua tairi na ana kipimo cha upepo. Ikiwa huna budi kutiwa uzi njiani, utiwe, uende pole, na ukifika mjini lifunguliwe na kutazamwa. Ukimwita fundi wa simu, muulize kabla hajaondoka kwake: anavyo viraka vya ndani, ana spana ya kipimo, ana mashine ya balansi? Na akutajie bei yote mapema, ya kuja na ya kazi, msije mkazozana mlangoni.

Kwa matairi mapya, balansi na alainimenti, nenda penye mashine, lakini nenda na macho yako. Soma tarehe, soma ukubwa, simama kando ya kazi, na upewe risiti. Kwa lori, mtafute mwenye kizimba, hata akiwa mbali zaidi.

Wala usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa unaye fundi wa mtaani ambaye kwa miaka hajakuficha neno, akikuambia hili siliwezi nenda mjini, huyo mshike kwa mikono miwili. Fundi anayejua mpaka wa kazi yake ni adimu, hapo kibandani na huko dukani. Na ukitoka leo msikitini ukawa na dakika tano, kabla ya kuliwasha gari zunguka uyatazame matairi manne. Kisha fungua buti ulitazame na la tano, kwani hilo la akiba ndilo tunalolisahau mpaka siku tunapolihitaji, tukalikuta nalo halina upepo.